Nyumba ya Kenyatta, Maralal: Historia Iliyobaki Iko Mikononi Mwetu

Haya ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu wa historia mbele ya wazee, walimu na wanafunzi mjini Maralal, katika kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, tarehe 18 Mei. Tunayachapisha jinsi yalivyotolewa.

 

Nimeambiwa nizungumze kwa dakika ishirini. Mwalimu akipewa dakika ishirini huchukua arobaini, lakini leo nitajitahidi, kwa sababu jua limepanda na watoto hawa wamesimama.

Nianze na kisa kidogo. Miaka mingi iliyopita nilileta wanafunzi wangu wa darasa la saba katika Nyumba ya Kenyatta. Tulikuwa tumesoma darasani jinsi Mzee Jomo Kenyatta alivyozuiliwa na serikali ya ukoloni, na wengi wao walitarajia kuona jela: ukuta mrefu, vyuma dirishani, lango la mbao nzito. Wakakuta nyumba ya kawaida ya serikali, ya aina ambayo maofisa waliishi. Sebule, vyumba vya kulala, madirisha, mlango. Msichana mmoja akaniangalia, akauliza: "Mwalimu, hii ni nyumba tu. Mbona hakutoroka?"

Nilimjibu haraka kwamba kulikuwa na askari, kisha nikaendelea na somo. Lakini nilipofika nyumbani jioni ile, niliona kwamba sikuwa nimemjibu. Askari pekee hawatoshi kumweka mtu ndani kwa miezi. Swali lake limenifuata hadi leo, na ndilo ningependa tulijibu pamoja, kwa kuwa ukilijibu vizuri unagundua kwamba nyumba ile haielezi habari za Mzee Kenyatta peke yake. Inaeleza habari zetu sisi wa hapa.

Kwanza, tukumbushane alifikaje hapa.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya ukoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wengi wa Kenya African Union. Ndiyo sababu tarehe 20 Oktoba ni sikukuu hadi leo; zamani tukiiita Siku ya Kenyatta, na tangu katiba ya 2010 tunaiita Siku ya Mashujaa. Sita kati ya waliokamatwa walipelekwa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Kesi ilisikizwa katika jengo la shule, mbali kabisa na Nairobi, mbali na magazeti na umati wa watu. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu aliwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Nataka vijana wasikilize jambo moja kuhusu hao sita. Achieng' Oneko alikata rufaa, na mahakama ya juu ikaifuta hukumu yake. Kwa lugha nyepesi, mahakama ilisema hana hatia. Lakini hakwenda nyumbani. Serikali ilimzuilia hata hivyo, kwa amri tu, bila kesi. Tukumbuke jina hilo, maana nitalirudia.

Waliobaki walipelekwa Lokitaung, kule kaskazini mwa Turkana. Mwaka 1958 wafungwa wa Lokitaung waliandika barua kulalamikia hali yao, na barua ile ikachapishwa na gazeti la Observer la London. Mwaka huohuo Jaramogi Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kusema kwamba watu hao waliofungwa bado ndio viongozi wa Waafrika. Alizomewa, lakini maneno yake hayakurudi nyuma.

Mwaka 1959 kifungo cha Mzee kilikwisha. Mtu akimaliza kifungo, huenda kwake. Yeye hakwenda. Alihamishiwa Lodwar, si kama mfungwa tena, bali kama mtu aliyewekewa mipaka: asitoke eneo fulani, asihutubie watu. Mwaka 1960 gavana wa kikoloni, Patrick Renison, alitangaza hadharani kwamba Kenyatta ni kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Kwa hiyo mlango ulifungwa tena.

Kisha ukaja uchaguzi wa Februari 1961. KANU ilipata viti 19, KADU ikapata 11. Waliosimama na KANU walikuwa wamewaahidi wananchi jambo moja: hatuingii serikalini mpaka Kenyatta awe huru. Wakashinda, na wakakataa kuingia. Serikali ya ukoloni ikabaki na uchaguzi uliokwisha na washindi waliosusa. Hatimaye KADU ndiyo iliyokubali kushirikiana na Waingereza kuunda serikali, lakini nayo pia ilijua kwamba suala la Kenyatta haliwezi kuepukwa.

Hapo ndipo Maralal inapoingia. Mwanzoni mwa Aprili 1961 Mzee alitolewa Lodwar akaletwa hapa. Mkewe, Mama Ngina, alikuwa amejiunga naye kizuizini. Katika mwezi huohuo wa Aprili, waandishi wa habari wa Kenya na wa ng'ambo walifunga safari hadi mji huu, na kwa mara ya kwanza tangu kukamatwa kwake akazungumza nao uso kwa uso. Viongozi wa vyama walikuja kumwona. Mji ambao Wakenya wengi hawakuwa wamewahi kuusikia ukawa ndio unaotajwa magazetini.

Alikaa hapa miezi minne na siku kadhaa. Tarehe 14 Agosti 1961 alisafirishwa kwa ndege hadi Kiambu na kurudi kwake Gatundu, na siku chache baadaye amri za kumzuilia zikaondolewa rasmi. Miezi miwili na ushei baada ya kutoka hapa, mwanawe Uhuru akazaliwa. Januari 1962 Mzee aliingia Baraza la Kutunga Sheria, baada ya Kariuki Njiiri kumwachia kiti chake. Tarehe 1 Juni 1963 akawa Waziri Mkuu. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ikapanda.

Hiyo ndiyo historia iliyoandikwa vitabuni. Sasa turudi kwa swali la yule msichana: mbona hakutoroka?

Tujiulize kwa nini Mwingereza alichagua Lokitaung, Lodwar na Maralal. Hakuchagua Thika wala Machakos. Alichagua kaskazini kwa sababu kaskazini yote ilikuwa tayari imefungwa. Tangu 1902 kulikuwa na Sheria ya Wilaya za Nje, iliyompa gavana uwezo wa kutangaza wilaya kuwa imefungwa, mgeni asiingie bila kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa Sheria ya Wilaya Maalum. Hii iliwapa maofisa uwezo mkubwa zaidi: kuwazuia watu wasitoke eneo walilopangiwa, na kuikamata mifugo ya jamii nzima kwa kosa la wachache.

Wazee walio hapa wanajua vizuri ninachosema. Mtu wa Nairobi alihitaji kibali kuja hapa. Mtu wa hapa naye hakuweza kuamka tu na ng'ombe wake akaenda kuuza atakako. Kulikuwa na mpaka, kulikuwa na karantini ya mifugo, kulikuwa na karatasi, na mwenye karatasi alikuwa DC.

Kwa hiyo, binti yangu, jibu ni hili. Nyumba haikuhitaji ukuta kwa sababu wilaya yenyewe ilikuwa ukuta. Hata angetoka kwa mlango ule usiku, angekwenda wapi? Kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Barabara chache zilizokuwepo zililindwa, na mgeni angeonekana mara moja. Na ukuta huo haukujengwa kwa ajili yake. Ulijengwa kwa ajili yetu, miaka mingi kabla yeye hajaletwa. Yeye alizuiliwa hapa miezi minne. Babu zetu walizaliwa ndani ya kizuizi hicho na wengine wakafa ndani yake.

Na tusidhani sheria hizo ziliondoka pamoja na bendera ya Mwingereza. Zilibaki katika vitabu vya sheria vya Kenya huru hadi zilipofutwa mwaka 1997. Mtoto aliyezaliwa Samburu siku ya uhuru alikuwa na umri wa miaka 33 sheria hizo zilipofutwa.

Ndugu zangu, mgeni akija leo katika nyumba ile ataelezwa juu ya Mzee Kenyatta, na hivyo ndivyo inavyofaa. Lakini akitoka nje na kuuliza, "Na watu wa hapa walikuwa wapi?", tunamwambia nini? Nani alisomba maji ya nyumba ile? Nani alipasua kuni? Maziwa yalitoka boma gani? Nani alikuwa mkalimani? Askari waliolinda walitoka jamii zipi, na waliongea naye lugha gani? Siku wale waandishi wa habari walipomiminika, watoto wa mji walidhani kuna nini? Siku ndege ilipomchukua, nani aliiona ikipaa?

Mimi sina majibu ya maswali haya, na sitayabuni. Wenye majibu ni watu. Wakati ule, rika lililokuwa likiingia umorani ni Lkishilli, waliotahiriwa kuanzia karibu mwaka 1960. Morani wa Lkishilli aliyekuwa na miaka kumi na minane wakati huo, leo amepita themanini. Walio juu yao, Lkimaniki, tuliobaki nao tunawahesabu kwa vidole. Kila tunapomzika mmoja wao, tunafunga chumba ambacho hakuna fundi anayeweza kukifungua tena. Tukiendelea hivi miaka kumi, nyumba itakuwepo, paa litakuwepo, lakini upande wetu wa habari utakuwa umekwisha.

Najua kuna vijana wanaouliza, tena kwa haki: kwa nini tutunze nyumba ya mkoloni? Si afadhali kuibomoa, tujenge zahanati au darasa?

Nitawajibu kwa habari ya nyumba nyingine. Mzee Kenyatta alikuwa na nyumba yake huko Gatundu kabla ya kukamatwa. Wakati wa hali ya hatari serikali ya ukoloni iliibomoa. Walitaka pasibaki alama ya kwamba mtu huyo aliwahi kuwa na kwake. Walipomwachilia, iliwabidi wamjengee nyumba mpya palepale. Fikirini jambo hilo. Nyumba aliyoijenga kwa hiari yake ilivunjwa. Nyumba aliyozuiliwa ndiyo iliyobaki. Wanaobomoa nyumba ili kufuta habari ni wale wenye kitu cha kuficha. Sisi hatuna cha kuficha. Sisi ndio tuliokosewa. Ukibomoa mahali ulipokosewa, unamsaidia aliyekukosea kusahau.

Zaidi ya hayo, nyumba ile si ya mkoloni tena. Leo ni mnara wa kitaifa, inasimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na kubadilisha au kuharibu mnara kama huo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Ni mali ya kila mtu aliyesimama hapa.

Wengine wanasema: kama ni ya kitaifa, basi kaunti inaingiaje? Katiba inalijibu hili katika Jedwali la Nne. Minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa iko chini ya serikali ya kitaifa. Lakini jedwali hilohilo linazipa kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Maana yake, kuta na paa vina mwenyewe aliyetajwa na sheria, lakini habari za watu wa hapa, mikusanyo ya hapa, masomo ya watoto wa hapa, hayo hatuwezi kumwachia mtu wa mbali. Na hata sheria ingenyamaza, mwenye nyumba ndiye ajuaye panapovuja.

Kuhusu kuvuja, niseme neno moja la kawaida kabisa, kwa sababu makumbusho hayaharibiwi na maadui pekee. Nyumba za serikali za zamani zinaharibiwa na maji, mchwa na kalamu. Maji yanapenya palipo na msumari uliolegea kwenye bati, yanaozesha mbao kimyakimya, na ukigundua dari imeshashuka. Mchwa hupanda kutoka kwenye udongo uliorundikwa karibu na ukuta. Na kalamu ni ya wageni wanaotaka kuandika majina yao ukutani. Walimu, tafadhali, kabla hamjaingia na wanafunzi, waambieni: jina lako liandike katika daftari la wageni. Yule mtu aliyezuiliwa humu jina lake halikuandikwa ukutani, na bado tunalijua.

Sasa nije kwenye kazi ninayowaomba tuifanye. Si kazi ya pesa nyingi. Karibu kila nyumba leo ina simu inayoweza kurekodi sauti. Nawaomba vijana, hasa walio likizoni, mwende kwa babu na nyanya zenu, mkae nao, mrekodi. Nitawapa mashauri machache niliyojifunza kwa makosa yangu.

La kwanza, ombeni ruhusa. Mwambie mzee unarekodi, mwambie ni kwa ajili ya nini, na umuulize kama anakubali wengine wasikilize. Akikataa, zima simu. Habari ni mali yake.

La pili, anza na jina, ukoo, rika na mahali alipokuwa akiishi wakati ule. Bila hayo, miaka ishirini ijayo sauti hiyo itakuwa ni sauti tu, hakuna atakayejua ni ya nani.

La tatu, usimuulize tarehe. Ukimuuliza nyanya yako "Aprili 1961 ulikuwa wapi?" atakutazama tu. Muulize: wakati wa ukame ule mkubwa, mlihamia wapi? Kwa maana 1960 na 1961 palikuwa na ukame uliomaliza mifugo mingi, na mwishoni mwa 1961 mvua ikaja kwa wingi hadi mito ikafurika. Mzee Kenyatta aliletwa hapa katika ukame na akaondoka kabla ya mvua ile. Anayekumbuka ukame na mafuriko anaweza kukumbuka kilichotokea katikati.

La nne, usimsahihishe. Hata akisema jambo ambalo kitabu kimesema tofauti, mwache amalize. Huenda kitabu ndicho kilichokosea, na kama ni yeye aliyekosea, kosa lake nalo linatueleza jinsi habari zilivyowafikia watu.

La tano, waulizeni akina mama. Historia yetu imejaa sauti za wanaume waliokwenda barazani. Lakini maziwa, kuni na maji yaliingia katika nyumba za maofisa kwa migongo ya wanawake na watoto. Nyanya zetu waliona jikoni ambako wanaume hawakuingia.

La sita, mkipata picha ya zamani, msiiandike usoni kwa kalamu ya wino. Tumieni penseli, nyuma, polepole: nani, wapi, lini. Na msiitoe picha yenyewe kwa mtu yeyote, hata mimi. Ipigeni picha kwa simu, nakala ndiyo itembee, ya asili ibaki nyumbani.

La saba, msirekodi habari za Kenyatta tu. Rekodini za vibali na karantini. Rekodini jinsi walowezi walivyoitamani nyanda hii ya Leroghi na jinsi ilivyobaki kuwa ya Wasamburu. Rekodini nani alikwenda vitani na nani hakurudi. Hiyo yote ni habari ya nyumba ile, kwa sababu ndiyo habari ya wilaya iliyoizunguka.

Kazi hii isiwe ya Wasamburu peke yao. Katika mji huu kuna Waturkana, Wakikuyu, Wasomali, Wameru na wengine ambao wazazi wao walikuja kama askari, wafanyabiashara, maseremala na makarani. Nao walikuwepo. Wengine wao ndio waliofungua milango ya nyumba ile kila asubuhi. Wasipoulizwa, habari itakuwa nusu.

Kabla sijamaliza, nilisema nitalirudia jina la Achieng' Oneko. Nitasema jambo hili kwa heshima, lakini nitalisema, kwa sababu mimi ni mwalimu wa historia, na historia ikichaguliwa kama maharagwe, mabovu yakatupwa, haifundishi.

Baada ya uhuru, uwezo wa serikali kumzuilia mtu bila kesi haukufa. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma. Mwaka 1969, wakati wa serikali ya Mzee Kenyatta mwenyewe, Jaramogi Oginga Odinga aliwekwa kizuizini. Ndiye yule aliyesimama mwaka 1958 akamtetea Kenyatta akiwa gerezani. Achieng' Oneko pia aliwekwa kizuizini mwaka huohuo. Ndiye yule aliyesimama kizimbani pamoja na Kenyatta huko Kapenguria. Hakuachiliwa mpaka 1975.

Siwaelezi haya ili kumshusha Mzee. Alivumilia miaka karibu tisa ya kifungo na kizuizi ili nchi hii iwe huru, na hilo halifutiki. Nawaeleza ili tujue nyumba ile inafundisha nini hasa. Haifundishi kwamba mtu mmoja mbaya alimfungia mtu mmoja mzuri. Inafundisha kwamba sheria inayoruhusu mtu kufungiwa bila kesi ni hatari mikononi mwa yeyote, mgeni au mwenyeji. Leo katiba yetu, katika kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama muda huo umeangukia wikendi au usiku. Kijana wa Maralal akikamatwa leo, hiyo ni haki yake. Haki hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilinunuliwa na watu waliokaa katika nyumba kama ile, na na watu waliokaa nje yake bila hata kupewa jina la wafungwa.

Kwa hiyo, walimu, mnapowaleta watoto, msiishie kwenye samani na picha ukutani. Wasimamisheni mlangoni, wageuke watazame nje, kisha waulizeni swali lile: mbona hakutoroka? Waacheni wafikiri wenyewe. Watataja askari, watataja umbali, na kama mmewaandaa vizuri, mmoja wao atataja sheria. Hapo somo litakuwa limefika.

Nami nimejitolea kitu kimoja. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitakaa hapa mjini asubuhi nzima, nikiwa na daftari na simu yangu, kwa yeyote anayetaka kuleta mzee wake au picha yake na hajui aanzie wapi. Nitamsaidia kuandika majina na kupanga rekodi. Sina ofisi, nitatafuta kivuli cha mti. Mkiona mzee ameketi peke yake na daftari, msinipite.

Yule msichana aliyeniuliza swali sasa ni mama wa watoto wakubwa. Tulikutana sokoni mwaka uliopita, nikamwambia kwamba nimepata jibu la swali lake. Alicheka, akasema hata hakumbuki kama aliuliza. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia: "Lakini nyanya yangu alikuwa akipeleka maziwa kwa nyumba za serikali. Alikuwa akituhadithia." Nikamuuliza nyanya yuko wapi. Alikuwa ameshazikwa, miaka mitatu iliyopita.

Basi, wapendwa, tusingoje. Leo jioni, kabla hamjalala, mwulizeni mkubwa aliye nyumbani: wakati wa ukame ule mkubwa, ulikuwa wapi?